Kikombe cha Bati cha Sajenti Mstaafu

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu barua, hotuba na maandishi ya shughuli za kifamilia. Mwezi huu zimefika barua tatu zinazohusu jambo moja, namna ya kumkumbuka mzee aliyekuwa askari na ambaye watu walimpenda kwa wema wake. Nimeona vyema nizijibu pamoja.

Swali

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1974, akashiriki vita vya Kagera akiwa dereva wa malori, na akastaafu mwaka 1996 akiwa na cheo cha sajenti. Baadaye aliajiriwa kuwa dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali moja ya wilaya, alikofanya kazi kwa miaka 19. Alifariki mwaka jana. Mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu ya kutimiza mwaka mmoja, na familia imenipa kazi ya kuandika habari za maisha yake, zisomwe baada ya misa na zichapwe kwenye kijitabu kitakachogawiwa wageni.

Tumegawanyika. Kaka yetu mkubwa anataka sehemu kubwa iwe ya vita, kwa kuwa anasema baba alikuwa shujaa na hakuna aliyemtangaza. Mama anasema vita tusiviguse kabisa, kwa sababu baba mwenyewe hakuvisimulia. Tulipomwuliza tukiwa wadogo alijibu tu, "Kule tulikunywa kwa zamu," kisha akaendelea kupiga viatu rangi. Mimi nina jingine linalonilemea ambalo sijamwambia mtu. Siku ya mazishi wafanyakazi wenzake wa zamani walikuja kwa gari la kukodi, ingawa alikuwa ameacha kazi miaka mingi, wakalia kuliko sisi. Walileta kikombe chake cha bati cha jeshini, chenye namba yake iliyokwanguliwa kwa msumari kwenye kitako, ambacho sisi tulidhani kilipotea zamani. Kumbe kilikaa kwenye chumba cha madereva miaka yote hiyo. Walisema kila alfajiri yeye ndiye aliyechemsha chai, akawanywesha wenzake kwa kikombe hicho mmoja baada ya mwingine, mlinzi, mfagiaji na kijana wa maabara, na yeye akanywa wa mwisho.

Walipokuwa wakisimulia nilihisi wivu, Mwalimu. Nyumbani baba alikuwa mtu wa amri. Tuliamshwa saa kumi na moja alfajiri kufagia uwanja, viatu vyetu vilipangwa mstari kama gwaride, na hata usiku alizunguka nyumba mara mbili kisha akaingia chumbani kutushika miguu, kuhakikisha tumelala na tumejifunika. Ni kama baba mwingine aliishi pale hospitalini. Niandike yupi?

Binti wa Sajenti, Morogoro

Jibu

Marahaba, binti yangu. Poleni nyote, na mama umfikishie pole zangu za pekee.

Nianze na kaka yako na mama yako, kwa kuwa mvutano wao ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Kaka ana haki, kwa maana miaka 22 ya utumishi wa jeshi hairukwi katika maisha ya mtu kana kwamba alikuwa safarini. Mama naye ana haki, kwa maana watu ambao hawakuwapo hawana ruhusa ya kumsimulia aliyekuwapo na akachagua kunyamaza. Kinachowapatanisha ni kuandika vita kwa kiasi kile mnachokijua kwa uhakika, na kutomweka baba mahali ambapo hamna ushahidi kwamba alifika.

Mambo ya jumla yanajulikana, na wajukuu wanastahili kuyasoma kwa sababu wengi wao hawakufundishwa kwa undani. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalikalia eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka kwenye mto huo likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwatangazia wananchi kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Januari 1979 majeshi yetu yalivuka mpaka wa Uganda na kuichukua Mutukula, Februari yakaingia Masaka, Machi yakapigana vikali Lukaya penye kinamasi, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Waganda waliwaita askari wetu bakombozi. Wapo waliobaki kule kwa kazi ya ulinzi hadi mwaka 1981, wapo waliozikwa Kaboya, wilayani Muleba, na wapo waliorudi wakakuta nchi nzima imefunga mkanda, sabuni na sukari zikipangiwa foleni.

Baba yako alikuwa dereva, na hilo peke yake ni habari kubwa. Askari wengi wa vita vile walikwenda kwa miguu kutoka mpakani, na nyuma yao risasi, chakula na maji vilifuata kwa magari, ambayo mengine yalikuwa ya raia na ya mashirika ya umma yaliyochukuliwa kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati ule, mbali kabisa na Kagera, lakini nakumbuka basi tulilolizoea lilitoweka barabarani kwa miezi mingi, na lilipoonekana tena rangi yake ilikuwa imepauka na viti vya nyuma havimo. Sikujua wakati huo kwamba kulikuwa na vijana wa miaka 20 na kidogo waliokuwa wakiyaendesha magari ya namna ile usiku bila taa.

Kwa hiyo fungueni sanduku lake. Tafuteni hati ya kuachishwa jeshi, namba yake, jina la kikosi, medali kama ipo, na picha, na kila picha muigeuze nyuma, maana wazee wetu walikuwa na tabia ya kuandika mahali na tarehe kwa kalamu ya wino. Mkipata jina la kikosi, liandikeni. Mkipata askari mwenzake aliye hai, mpelekeeni maandishi ayasome kabla hayajaenda kwa mchapaji. Msipopata, andikeni kwamba alikuwa dereva wa malori ya jeshi katika vita vya Kagera, mwishe hapo. Kaka yako akitaka neno shujaa liwemo, mwambieni taifa lina Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai kila mwaka, na baba yenu ni miongoni mwa wale ambao siku hiyo inawahusu. Sentensi hiyo ni ya kweli na haihitaji kupambwa.

Sasa nije kwenye kile kikombe, kwa sababu nimeisoma barua yako mara nne na kila mara macho yangu yamesimama hapo.

Wasifu wa marehemu unaosomwa siku ya mazishi una mpangilio wake ambao sote tunaufahamu: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, ugonjwa, hospitali alizolazwa, kisha mjane, watoto na wajukuu aliowaacha. Mpangilio huo unafaa kwa siku ile, maana waombolezaji wanatoka pande nyingi na wengine hawakujua hata alikuwa na watoto wangapi. Baada ya mwaka mmoja hali imebadilika. Watakaokuja kwenye misa wanajua alizaliwa wapi na alikufa kwa maradhi gani, na ukiwasomea tena majina ya hospitali watasikiliza kwa heshima tu. Wanachokuja kukitafuta ni yeye, sauti yake, mikono yake, namna alivyofungua mlango. Unaweza kuandika kwamba alikuwa mpole, mkarimu, mchapakazi na mtu wa watu, na yote yakawa kweli, lakini maneno hayo tumeyasikia yakisemwa juu ya kila marehemu, hata wale ambao majirani walikuwa na mengine ya kusema. Kikombe cha bati kinachozunguka mikononi mwa mlinzi na mfagiaji saa kumi na mbili asubuhi kinamsema baba yako peke yake.

Nakushauri urudi hospitalini, au uwaombe wale wenzake wakutane nawe mahali, ukawaulize vizuri. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa swali hilo huleta majibu yaleyale ya mazishini. Waulize alikuwa akianza na kazi gani akifika asubuhi. Waulize alifanya nini gari lilipokwama na mama mjamzito akiwa ndani, au alikaa vipi njiani aliporudisha maiti kijijini na ndugu wa marehemu wakiwa nyuma ya gari. Muulize kila mmoja jambo moja ambalo mzee alimfanyia yeye binafsi. Na usiwaishie madereva. Mtafute yule mfagiaji na yule mlinzi, kwa maana wema wa mtu mwenye cheo au umri huonekana zaidi kwa walio chini yake, ambao hawakuwa na cha kumlipa. Nenda na daftari, andika maneno yao kama walivyoyatamka, na mwishoni uwaombe ruhusa ya kuyatumia pamoja na majina yao.

Kuhusu wivu uliousikia, usione haya. Ni jambo linalowapata watoto wengi wa watu waliopendwa kazini, wa walimu, wa wauguzi, wa wachungaji, na wa askari pia. Mtoto anasimama kando ya jeneza akisikia wageni wakitaja kicheko ambacho yeye hakukizoea, naye anajiuliza kilifichwa wapi. Lakini hebu tazama miaka. Nyinyi mlimpata baba akiwa kijana aliyetoka vitani, akiishi kambini na kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo, akiwa na mshahara wa askari wa vyeo vya chini katika miaka ya 1980 ambayo hata mwenye fedha mkononi alikosa dukani cha kununua, na watoto watano wanaotakiwa kula, kuvaa na kwenda shule. Amri ndicho chombo alichokuwa nacho mkononi, na alikitumia. Wale wa hospitalini walimpata akiwa mtu wa zaidi ya miaka 40 aliyekwisha kuvua sare. Sisemi haya ili kukuzuia usiumie, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri ni mapema mno kwa mtoto wa miaka saba, na kama palikuwa na ukali uliozidi, wewe na ndugu zako mna haki ya kuutaja. Nasema ili uone kwamba mtu huyo alikuwa mmoja.

Tena ushahidi umenipa wewe mwenyewe. Umeandika kwamba usiku alizunguka nyumba mara mbili, akaingia chumbani kuwashika miguu kuona kama mmejifunika, na umeliweka jambo hilo katika orodha ya amri, baada ya ufagio na viatu vilivyopangwa mstari, kama lalamiko. Mimi nimelisoma tofauti. Dereva wa malori ya vita, aliyelala chini ya gari porini pamoja na vijana wa rika lake, anaamka usiku katika nyumba iliyofungwa vizuri, anapita chumba hadi chumba gizani na kuhesabu miguu ya watoto wake kwa kuigusa. Muulize mama kama aliendelea kufanya hivyo hata mlipokuwa mmeondoka nyumbani. Sitashangaa akikuambia kwamba aliendelea kukizungukia hata chumba kitupu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba uwaandike wote wawili, wa nyumbani na wa hospitalini, kwenye ukurasa mmoja, bila kumfanya mmoja aombe radhi kwa niaba ya mwingine. Nimejaribu kukutungia aya moja kwa yale uliyoniandikia tu, uione inavyoweza kukaa:

*Baba alikuwa dereva wa malori ya jeshi wakati wa vita vya Kagera. Tulipomwuliza habari za huko alituambia kwamba walikunywa kwa zamu, na hakuongeza neno. Kikombe alichotoka nacho jeshini alikipeleka hospitalini, alikofanya kazi kwa miaka 19, na kila alfajiri aliwanywesha chai wenzake kwa kikombe hicho, mmoja baada ya mwingine, yeye akanywa wa mwisho. Nyumbani alituamsha kabla ya jua na kutupangia viatu mstari. Usiku alipita chumbani kwetu akatushika miguu, kuona kama tumejifunika.*

Isome kwa sauti mbele ya mama na kaka. Utaona vita vimo na simulizi ambalo baba hakulitoa halimo. Wewe utashawishika kuongeza sentensi ya kueleza kwamba huenda alikunywa wa mwisho kwa sababu ya yale aliyoyaona kule. Usiiongeze. Hujui, wala mimi sijui, na msikilizaji akishasikia habari ya zamu na habari ya kikombe zikifuatana, ataunganisha mwenyewe kimyakimya pale alipoketi.

Yaliyobaki ni madogo. Kurasa mbili zinatosha, kwa kuwa watu watakuwa wametoka kwenye misa ndefu na jua litakuwa limepanda. Asome mtu ambaye sauti yake haitakatika. Kama ni wewe, mpe ndugu mwingine nakala akae karibu. Mwombeni mmoja wa wale wenzake wa hospitalini azungumze kwa dakika chache, na ikiwezekana awe ni mfagiaji au mlinzi. Kikombe chenyewe kisifungiwe kabatini pamoja na medali. Siku hiyo kitumieni.

Swali

Shikamoo, Mwalimu. Katika kiwanda chetu tulikuwa na mtunza stoo aliyekuwa koplo mstaafu wa jeshi. Amefariki miezi mitatu iliyopita na alizikwa kwao mkoani Ruvuma, ambako wengi wetu hatukuweza kufika. Alitupenda kama watoto wake. Mwisho wa mwezi alikuwa akimvuta mtu pembeni na kumpa nauli kimya kimya, hata hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye amepewa, na ni msibani tulipokaa tukagundua kwamba tulipewa karibu sote. Tunataka kuiandikia familia yake barua, lakini baadhi yetu wanasema msiba una wenyewe, na kwamba mjane wake hatumjui. Je, ni adabu?

Wafanyakazi wenzake, Tanga

Jibu

Marahaba, wanangu, na poleni. Ni adabu, tena barua yenu imechelewa. Msiba una wenyewe, ni kweli, na wenyewe hao ndio wanaoamua azikwe wapi na matanga yaanuliwe lini. Ila saa zake za mchana kwa miaka yote aliyokuwa stoo hawakuziona wao; mliziona nyinyi, na mkinyamaza zitapotea.

Anzeni kwa pole na kwa kujitambulisha, mseme mlifanya naye kazi gani na kwa muda gani, kisha mwingie moja kwa moja kwenye mambo aliyoyatenda. Kila mmoja wenu aandike sentensi mbili kwa mkono wake na kutia sahihi. Barua ya namna hiyo, yenye miandiko kumi tofauti, mjane huihifadhi kuliko ile iliyopigwa chapa ofisini na kugongwa mhuri. Kama mmechanga rambirambi, ipitisheni kwa mtu mmoja anayejulikana na familia, na kiasi chake mkitaje kwenye barua ili kusiwe na maswali.

Lakini lipo jambo moja la kuangalia kwa makini. Nauli ile ilitoka mfukoni mwa mtu mwenye mke na watoto, na pengine mama yule alikuwa akihesabu fedha ya mwisho wa mwezi na kuona imepungua bila kuambiwa sababu. Mkimwandikia tu kwamba marehemu alikuwa mkarimu kwenu, mtakuwa mmemfunulia siri bila kumshukuru. Mwambieni kwamba mnatambua kuwa walichopewa vijana wa stoo kilipunguzwa kwenye sahani za nyumbani kwake, na kwamba shukrani yenu ni kwake yeye na watoto sawasawa na kwa marehemu. Kisha yule ambaye hataki jambo lake litajwe aachwe, kwa kuwa koplo mwenyewe alitoa kwa siri na siri ile ni ya wawili.

Msimwite kwa majina makubwa ya kivita ambayo hamkumwita akiwa hai. Kama stoo mlimwita Mzee, mwandikeni Mzee.

Swali

Asalamu alaikum, Mwalimu. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, akapelekwa Burma (leo Myanmar) katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliporudi alifanya kazi bandarini Kilindini hadi alipostaafu, na wenzake walimwita Koplo hadi anaingia kaburini, Mungu amrehemu. Husemwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea na kuwaandikia barua wale wasiojua kusoma, wala hakuchukua hata senti. Tunakusudia kumsomea hitma na kuwaandikia wajukuu habari zake, lakini hatuna picha yake ya jeshi wala karatasi yoyote. Tuanzie wapi?

Mjukuu wa Koplo, Mombasa

Jibu

Waalaikumu salamu, mwanangu. Anzeni na wazee wa bandarini, tena wiki hii, kabla ya makaratasi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 pale Kilindini mwaka 1965 sasa ana miaka 80 au zaidi. Makaratasi yanaweza kungoja.

Ili muwe na mahali pa kuyaweka watakayosimulia, fahamuni haya. Jina Keya lilitokana na herufi KAR za jina la Kiingereza la jeshi lile la wakoloni, King's African Rifles, na askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Waliopigana Burma wengi wao walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyosonga mbele katika bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya kule, barabara zikiwa tope tupu na maradhi yakiwaangusha watu pamoja na risasi, hadi wakaufikia Mto Chindwin penye mji wa Kalewa mwezi Desemba. Safari yenyewe ya kwenda ilikuwa ya hatari. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani na kuzama katika dakika chache, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ikiwa babu yenu aliwahi kuwaambia wazee kwamba aliogopa bahari, jueni hakuwa akizungumza maneno ya bure.

Tazameni tena masanduku ya shangazi na ya bibi mdogo, mkitafuta nishani yenye umbo la nyota ya pembe sita. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu iliyokolea, wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari myembamba ya rangi ya chungwa kila upande. Mara nyingi nyota hubaki na utepe huliwa na mende, kwa hiyo msitupe kipande cha kitambaa kwa kukiona kichakavu.

Sanamu za askari mnazoziona Mombasa na Nairobi, kama ile ya Dar es Salaam iliyozinduliwa mwaka 1927, ni za Vita Kuu ya Kwanza, hivyo msipige picha ya familia pale na kuandika chini yake habari za Burma. Hata hivyo, zinawahusu kwa njia nyingine. Sanamu zile zilisimamishwa kwa ajili ya maelfu ya askari na wapagazi bila majina yao kuandikwa, na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi hadharani kwa kuwa Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao Wazungu. Ninapopokea barua ya mjukuu anayetaka kuliandika jina la babu yake, moyo wangu hufurahi kwa sababu hiyo.

Basi liandikeni jina lake lote, pamoja na la baba yake na la mji alikozaliwa. Mkija kuipata hati ya jeshi huenda mkakuta jina limeandikwa namna nyingine, kama sikio la ofisa wa kigeni lilivyolipokea. Wekeni yote mawili, lakini litangulie lile alilojiita mwenyewe. Baada yake liwekeni Koplo, kwa kuwa ndivyo wenzake walivyomwita, kisha mwandike habari za zile barua, ziliandikwa wapi, kwa ajili ya nani, zilikwenda kwa mama zipi huko bara, na kama aliyasoma majibu yake kwa sauti au alimnong'oneza mwenyewe mwenye barua pembeni. Maandishi yakiwa tayari, wapelekeeni wale wazee wa Kilindini nakala kabla ya siku ya hitma, na asiyeweza tena kuona, akae mmoja wenu amsomee.